Mvua Ikitanda, Anua na za Jirani

Msimu wa karafuu ukishaingia, madereva wanaopita vichochoro vya Madungu, mtaa wetu wa Chake Chake, Pemba, huendesha upande mmoja tu wa njia. Upande wa pili una wenyewe. Jamvi limefuatana na jamvi, na pale jamvi lilipokosekana limetandikwa turubali, na juu yake karafuu zimetawanywa nyembamba ili zipate jua sawasawa. Zilizoanikwa leo asubuhi zina kijani kilichochanganyika na wekundu wa mbali. Za jana zimeanza kuiva rangi. Za siku ya nne ni kahawia iliyokoza, na ukiokota chembe moja ukaivunja kwa kucha inakatika kwa mlio. Kijana wa bodaboda akikanyaga ncha ya jamvi husimama, hushuka, akairudisha ncha mahali pake, kisha akaenda zake. Hakuna aliyemwita wala aliyemgombeza.

Chake Chake si mji mkubwa. Ngome kuukuu iliyofanywa makumbusho, soko, hospitali, gari za 603 ziendazo Mkoani na 606 ziendazo Wete, vyote unavifikia kwa miguu. Pamoja na hayo ni mji. Una benki, una ofisi za serikali, una watu wanaotoka asubuhi wamevaa nguo za kazi na kurudi alasiri. Na bado karafuu haikubali kubaki shamba. Wengi katika sisi tunaoishi mjini tuna mikarafuu yetu mahali, mitano kwa huyu, ishirini kwa yule, ya urithi au iliyomo katika zile eka tatu tatu walizogaiwa wazee wetu baada ya Mapinduzi ya 1964. Zinachumwa huko Ole, Chonga, Mtambwe, zinapakiwa gari, na jioni zinashushwa mlangoni. Zinaletwa mjini kwa sababu huku ndiko waliko watu wa kuzichambua, na huku ndiko yaliko macho ya kuzilinda.

Macho hayo ndiyo ninayotaka kuyazungumza. Redioni na magazetini karafuu huzungumzwa kwa tani, kwa bei, kwa fedha za kigeni. Ni mazungumzo ya haki, sina ugomvi nayo. Lakini mie nimekulia katika mtaa huu, na ninayoyaona kila msimu ni kazi kubwa inayofanywa na watu ambao majina yao hayamo kwenye risiti yoyote: bibi aliyekaa barazani, mtoto aliyerudi chuoni, fundi cherehani, mwenye duka, jirani ambaye hata salamu hampeani. Bila ya hao, karafuu isingefika kituo cha kununulia.

Kazi huanza baada ya Magharibi. Polo na mapakacha yameshashushwa, na hakuna nafasi ya kusema tutafanya kesho. Karafuu mbichi ikilala imefungwa gunia usiku kucha hupata joto na kuchacha, na ukiianika asubuhi inatoka nyeupe, imesinyaa, haina mafuta. Kwa hivyo ichambuliwe usiku ule ule. Bi Mkubwa wa nyumba ya kona hutandika jamvi barazani, akakaa amenyoosha mguu mmoja na kuukunja wa pili, na lundo likamwagwa mbele yake. Hushika shada kwa mkono wa kulia, akalikandamiza juu ya kiganja cha kushoto na kulizungusha kidogo. Chembe zote huachia kwa pamoja na kuanguka upande huu, kikonyo kikatupwa upande ule. Kisha shada jengine. Haangalii mikono yake hata mara moja. Anaangalia njia.

Na mengi anayaona kwa kuangalia njia. Usiku mmoja alipita mtoto wa kiume, ana umri wa skuli ya msingi, kashika chupa ya mafuta ya taa.

"Wewe, mtoto wa nani?"

"Wa nyumba ya nyuma ya msikiti, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mamako karudi hospitali?"

"Bado. Yuko na dada, kajifungua."

"Alhamdulillahi. Na wewe umekula?"

Mtoto akanyamaza. Bi Mkubwa hakumuuliza tena. Akageuka kwa mkwewe aliyekuwa ndani ya mlango, "Mletee muhogo na samaki," kisha akampigia jamvi kwa kiganja, pale pembeni yake. "Kaa uchambue. Usende kukaa peke yako kwenye giza. Mamako akipita atakuona." Mtoto akala, akachambua, na kabla ya saa nne alikuwa amelala juu ya mguu wa mtu. Mama yake alipopita alimchukua mgongoni, na alipewa na ujira wa mwanawe mkononi, kwa sababu alichochambua kilipimwa kama cha mtu mzima.

Kupima kwenyewe ni jambo la kuangaliwa. Ujira wa kuchambua huhesabiwa kwa pishi, na pishi ni vibaba vinne, hilo kila mtu hapa analijua tangu utotoni. Lakini pishi inaweza kujazwa mpaka ikafanya kichwa, na inaweza kupimwa ya mfuto, imepitishwa kiganja juu ikawa sawa na mdomo wa chombo. Kati ya hizo mbili pana chembe nyingi sana, na kwa mwanamke aliyekaa tangu Magharibi mpaka saa tano, chembe hizo ni mboga ya kesho. Nyumba zenye jina jema mtaani kwetu hupima ya mfuto, mbele ya taa, na mchambuzi mwenyewe akiangalia. Nyumba zinazodai kichwa zinajulikana pia. Hakuna anayezisema hadharani, ila usiku unaofuata wachambuzi hawaendi huko, na mwenye lundo hubaki na wanawe wanasinzia.

Katika baraza hizo ndimo nilimosikia historia kuliko darasani. Maalim mmoja mstaafu wa mtaani kwetu hapendi kuchambua kimya, na wala hapendi wengine wachambue kimya. Yeye ndiye aliyetusimulia kimbunga cha 1872, kilichoipiga Unguja kikang'oa mikarafuu yake, na Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zikawa zinatoka kisiwa hiki. Mti wenyewe, alisema, si wa kwetu kwa asili. Umetoka visiwa vya Maluku, huko Indonesia, ukaletwa mwanzoni mwa karne ya 19, na waliopandishwa juu yake mwanzo walikuwa watumwa. Hapo alinyamaza kidogo, na wazee waliokuwapo nao wakanyamaza.

Hao hao Indonesia, aliendelea, ndio waliokuwa wanunuzi wetu wakubwa, kwa sababu wao karafuu wanaivuta: wanaisaga na kuichanganya katika sigara zao za kretek. Walipopanda mikarafuu yao kwa wingi hata ikawatosha, bei yetu ikaanguka, na kwa miaka mingi baadaye watu wakawa wanaziacha karafuu mitini zikachanua maua, maana ujira wa mchumaji haurudi. Karafuu ikishachanua thamani yake imekwisha. Wengine wakaona bora wavushe usiku kwa mashua mpaka Kenya, ambako bei ilikuwa nzuri zaidi. Vijana wa leo wanaijua KMKM kwa timu yake ya mpira, lakini jina lake refu ni Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, na magendo makubwa katika visiwa hivi yamekuwa ya karafuu. Kila mzee aliyekuwa barazani usiku ule alikuwa na kisa chake cha boti na taa za baharini, na kila mmoja alisema ni kisa cha mtu mwengine.

Kwa sheria karafuu inauzwa kwa mnunuzi mmoja tu, Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC. Kwa miaka kadhaa ya muongo uliopita kilo moja ya daraja la kwanza ilikuwa shilingi 14,000. Chukua bei hiyo uizidishe kwa gunia la kilo 50, unapata 700,000. Sasa kumbuka kwamba kilo moja kavu imetokana na kilo takriban tatu za mbichi, zilizopandiwa, zikachumwa, zikabebwa, zikachambuliwa. Halafu utandike zote hizo nje, njiani, uende zako kazini.

Ndiyo maana nasema macho.

Msimu wetu una tabia moja ngumu: uvunaji unaingia katika vuli. Mwezi wa saba na wa nane jua ni la kuaminika zaidi, lakini kufika Oktoba na Novemba asubuhi inaweza kuwa nyeupe, adhuhuri ikatanda, na kabla hujamaliza kusema inanyesha. Karafuu iliyokaribia kukauka ikirowa hupoteza rangi, hushika ukungu, na kituoni huwekwa daraja la chini au hurejeshwa. Na mvua haichagui saa ambayo mwenye mali yupo nyumbani.

Msimu uliopita ilikuja siku ya Ijumaa. Wanaume karibu wote walikuwa msikitini, khutba imeshaanza. Wanawake waliobaki walikuwa jikoni. Mtaani palikuwa na watoto, na fundi cherehani mwanamke anayeshona mbele ya nyumba yake, na mie niliyekuwa nimebaki kumuuguza mzee wangu. Upepo uligeuka mara moja, majani yakapindukia upande wa chini, na fundi akainua kichwa, akapiga ukelele mmoja mrefu: "Mvua! Anueni!"

Nimeshayaona haya miaka yote ya maisha yangu na bado hunishangaza. Milango ilifunguka kwa pamoja. Fundi aliacha nguo imekamatwa na sindano. Mtoto wa kike aliyekuwa anasukwa nywele alitoka na nusu ya kichwa. Dereva aliyekuwa anapita alisimamisha gari yake katikati ya njia, akashuka yeye na abiria wake wawili, watu wasiomjua yeyote hapa, wakashika ncha za jamvi la kwanza waliloliona. Jamvi likikunjwa linahitaji watu wanne, mmoja kila pembe, waende pamoja na wapokezane mpaka karafuu zikusanyike katikati, kisha ndipo ungo na mabeseni yanapoingia.

Na hapa ndipo palipo ujuzi ambao mgeni hauoni. Huwezi kukusanya tu. Karafuu za siku ya kwanza ukizitia gunia moja na za siku ya nne umeziharibu zote mbili, maana zile mbichi zitazirudishia hizi kavu unyevu. Kwa hivyo pamoja na kukimbia palikuwa na kupiga kelele: "Hizi za jana! Weka mbali!" "Zile za kwa Maalim zimekauka, tieni guniani kabisa!" "Hizi ni mbichi, ingizeni ukumbini, zitandazeni, msizifunge!" Wasichana wa miaka kumi na mbili walikuwa wanajua umri wa kila jamvi la mtaa mzima, la kwao na la watu, kwa sababu wanayapita kila asubuhi wakienda skuli.

Miongoni mwa majamvi yale lilikuwamo la mama mmoja muuguzi aliyekuwa zamu hospitali. Nyumba inayopakana na yake hawasemezani nayo, kwa ajili ya ukuta uliosogezwa, au unaodaiwa kusogezwa. Shauri hilo liko kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, na mtaa mzima unalijua. Mwanamke wa nyumba ile ndiye aliyelikimbilia jamvi la yule muuguzi kabla hajaligusa la kwake. Nilikuwa nimeshika pembe ya pili. Alikusanya, akajaza mabeseni, akayaingiza kwenye baraza ya hasimu wake, akayafunika kwa turubali lake mwenyewe, akaweka na mawe pembeni. Ndipo akarudi kwa zake, na sehemu ya zake zilikuwa zimeshaanza kurowa.

Hawakupatana siku ile. Mpaka naandika haya, shauri la ukuta bado liko pale pale. Lakini jioni yake nilimuona muuguzi amesimama mlangoni kwa jirani yake, mkononi ana turubali limekunjwa vizuri. Walisema maneno machache ambayo sikuyasikia, akageuka akaenda zake. Nadhani watu wanaotaka kujua ujirani ni nini hasa waangalie jambo la namna hii, la watu wasiopendana. Wapendanao kusaidiana ni jambo jepesi.

Si kila kinachotokea mtaani msimu wa karafuu ni cha kusifia. Kipo cha vikombe. Kuanzia mwezi wa tisa huonekana watoto wanapita na vifuko vidogo vya plastiki, na pana watu, wengine na maduka yao, wanaonunua karafuu kikombe kikombe bila ya kuuliza zimetoka wapi. Masheha hulikataza jambo hilo na kuonya watu. Baadhi ya watoto wameokota chini ya mikarafuu kwa idhini, na kuokota kwa idhini ni riziki ya halali tangu zamani. Lakini wengine wamechota kwenye jamvi la mtu. Mie lawama yangu naiweka kwa mnunuzi. Mtoto wa miaka tisa hana mahali pa kuipeleka karafuu ya wizi mpaka mtu mzima awe amemfungulia mlango, akamtolea mia tano na kumwambia kesho alete tena. Mtu huyo anaharibu mambo mawili kwa mpigo, anamharibu mtoto na anaharibu ile amani ya kuacha mali yako njiani. Ikifika siku kila nyumba inalazimika kumuweka mlinzi juu ya jamvi lake, tutakuwa tumepoteza kitu ambacho hakuna bei ya kilo inayoweza kukilipa.

Na lipo jambo la wanaopanda juu.

Mkarafuu ni mrefu kuliko nyumba zetu nyingi, na tawi lake halipindi. Mwembe unaweza kukuonya, unalalama kabla ya kuvunjika. Mkarafuu unakatika papo hapo. Mchumaji hupanda na kamba na upembo, ule ujiti wenye ncha iliyopinda, akavutia matawi ya mbali kwake, maana ncha za matawi ndiko yaliko mashada mazuri. Kila msimu pana watu wanaanguka. ZSTC imewahi kutoa fedha za kuwafariji walioanguka, na ni jambo la kushukuriwa, lakini mguu uliovunjika haurudi kwa fedha.

Kijana wa mtaani kwetu alianguka asubuhi moja baada ya mvua ya usiku. Mti ulikuwa bado umerowa. Habari ilifika Madungu kwa simu kabla ya yeye kufikishwa hospitali, na nilichokiona siku ile ni kwamba hakuna aliyechambua jioni. Malundo yalikuwapo, kila mtu akijua kwamba yataharibika, na baraza zote zilikuwa tupu kwa sababu watu walikuwa hospitali au nyumbani kwao kukaa na mama yake. Usiku sana ndipo baadhi ya wanawake walipoamua kwamba lundo la familia ile, angalau hilo, lisiachwe. Walilichambua wao, bila ya pishi, mpaka karibu ya alfajiri. Asubuhi likaanikwa na watu wengine, likalindwa na wengine, na lilipouzwa fedha zote zilipelekwa kwa mama.

Anatembea sasa, kwa gongo. Ni kijana wa miaka ishirini na kitu. Anauza vocha na viazi karai karibu na kituo cha gari, na hataki kuhurumiwa, kwa hivyo sitaendelea. Ila ninachokitaka nakisema wazi: mwenye shamba asimpandishe mtu juu ya mti uliorowa. Bei yoyote iwayo, na hata karafuu ziwe zinakaribia kuchanua, na hata gari ya kukodi iwe imeshalipwa. Wapo wenye mashamba wanaomwambia mchumaji, "Kama huwezi wewe yupo mwengine." Najua wapo, nimewasikia kwa masikio yangu. Na kwa kuwa wachumaji wengi ni vijana wasio na shamba wala mshahara, mwengine kweli huwa yupo.

Mambo mengine ya msimu nayapitia kwa haraka. Makonyo hayatupwi, huanikwa peke yake na kupelekwa kiwanda cha Wawi, kinakokamuliwa mafuta, na katika nyumba nyingi fedha ya makonyo ni ya watoto. Daftari la dukani nalo hubadilika sura. Mwenye duka wetu, kama wenzake wote, huwakopesha watu unga na sukari miezi ya njaa kwa neno moja tu, "mpaka karafuu," na mwezi wa kumi na moja unamkuta anakata mistari kwa kalamu nyekundu mpaka usiku. Mabati mapya yanaonekana juu ya nyumba. Harusi zinafuatana mpaka kadi zinagongana siku. Kaskazi ikivuma, walio na hamu huenda kuangalia mchezo wa ng'ombe mashamba. Mwaka unaofuata mikarafuu mingi hupumzika, hubeba kidogo au haibebi kabisa, na daftari hurudi kujaa.

Kitu ninachokihofia zaidi si bei. Bei imepanda na kushuka tangu enzi za Sultani. Ninahofia jinsi tunavyojenga. Nyumba mpya zinazoinuka mtaani zina ukuta mrefu na geti la chuma, na hazina baraza. Namuelewa mwenye kujenga, kila mtu anataka faragha na usalama wa wanawe. Lakini nyumba ya namna hiyo karafuu zake huanikwa ndani ya ua, kwenye sakafu, na mvua ikija Ijumaa mchana hakuna anayeziona. Msimu uliopita nyumba moja ya geti ilipoteza karafuu zake zote za wiki hiyo. Mafundi wawili wa jirani waligonga geti mpaka mikono ikawauma, na ndani hapakuwa na mtu. Mwenye nyumba aliporudi alikaa kwenye kizingiti cha geti lake muda mrefu. Niliambiwa ameshamuita fundi wa kujenga baraza upande wa nje, na mawe nimeyaona yameshashushwa.

Sasa msimu umekwisha, majamvi yameshaoshwa na kuviringishwa, na njia imerudi kuwa pana. Bi Mkubwa anataka shamba lake la Ole lisafishwe chini kabla ya masika, maana wizara hugawa miche ya mikarafuu na yeye ameshaomba yake, japo mche wa leo utachukua miaka kama sita au saba mpaka uanze kubeba. Magugu ni marefu na wanawe wako Unguja. Gari ya kutupeleka inaondoka Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mbele ya duka. Panga tulizonazo hazitoshi, kwa hivyo anayekuja aje na lake, na maji ya kunywa. Chakula kitapikwa huko huko.